Kona Tatu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa.
Mimi nilianza na ukuta, ndani ya ukuta,
kisha nikaziba kila ufa
nikabaki ndani na jasho langu.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, chumba cha uani
alimolala marehemu mjomba na cherehani zake.
Milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine.
Dirisha nimelijengea tofali.
Kati ya mbao na mbao nimeshindilia mkonge,
nyuzi za daraja la mwisho, magunia kumi na moja,
yote kwa ajili ya Bi Kidawa wa ukuta wa pili
aliyekuja mara mbili, kanga kiunoni,
kuuliza kama zeze letu lina homa.

Sasa hasikii kitu.
Nasi hatusikii hata adhana;
Saumu huweka simu imtetemeshe
ajue alasiri imeingia.

Mwezi wa pili, saa nane mchana,
kipimajoto kilisema thelathini na saba.
Kompyuta ikajizima katikati ya ubeti.
Fidla ya Mbaruku ikashuka nusu sauti,
gundi ikaanza kulia shingoni mwake.
Saumu akaegemea ukuta, akasema, "Subiri."
Neno hilo ninalo bado. Sijalifuta.

Nilinunua kiyoyozi, cha mtumba,
kutoka ofisi iliyofungwa kule Chumbageni.
Kilipoza, sikatai.
Lakini kilikuwa na noti yake,
kikaiimba chini ya kila wimbo
kama mgeni asiyejua karamu si yake.
Na hewa ilikuwa ile ile:
pumzi ya Mbaruku, imepozwa, inamrudia Saumu
pamoja na kitunguu alichokula.

Akaja Shemdoe.
Hakutoa futi. Aliketi sakafuni,
akaomba tufunge milango yote miwili,
akakaa robo saa, akatoka amelowa.
"Mmefinyanga mtungi," akasema, "mkasahau mdomo."

Nikitoboa, sauti itatoka.

"Itatoka ukitoboa kinyoofu.
Sauti ina kiburi, haipendi kupinda.
Hewa imekulia Makorora, imezoea vichochoro."

Akaunda masanduku mawili ya mbao nzito:
moja chini, upande wa kivuli, la kuingizia,
moja juu, karibu na dari, la kutolea,
maana joto hupanda lenyewe, halihitaji kuambiwa.
Kila sanduku lina kona tatu,
na kila kona imevikwa mkonge.
Kona ya kwanza sauti inaacha makali.
Ya pili inaacha maneno.
Ya tatu haikumbuki iliitwa nani.
Hewa inapita zote na mizigo yake.

Feni ni kubwa, ya polepole;
ndogo, alisema, hupiga kelele ionekane ipo.
Ameitundika kwa mipira ya baiskeli
isiguse ubao,
isiusimulie ukuta inachofanya.
Kompyuta tumeihamishia ukumbini.
Kiyoyozi kinapewa zamu yake
tukiwa kwenye kahawa.

Si baridi, nisikudanganye.
Jasho lipo, ila sasa lina pa kwenda.
Jana Saumu aliimba beti saba bila kuketi,
na ukivaa visikilizio, kabla ya ubeti wa nne,
utamsikia akivuta pumzi,
ndefu, mpya, haijatumiwa na mtu.

Jambo moja Shemdoe hakutuambia.
Saa kumi, sanduku la chini lilituletea iliki,
kisha nazi, kisha mafuta yaliyoanza kukolea.
Mbaruku akashusha upinde.
Bi Kidawa hajui tunaimba nini,
lakini sisi tunajua anakaanga vitumbua,
na kwamba kile cha mwisho, hivi punde, kimeungua.

Nilimtuma Saumu akabishe hodi
na sahani.